Kanisa Linalotupendeza na Kanisa Linalotufaa



Liko swali moja ambalo limekwisha kuulizwa mara nyingi nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada, na wanaoliuliza zaidi ni vijana. Husema hivi: Je, Mkristo ana ruhusa kuliacha kanisa alimokulia na kutafuta lingine linaloafikiana na mambo anayoyathamini? Wazee wengine hulijibu kwa neno moja tu: La. Vijana wengine hulijibu kwa miguu yao: huondoka bila kuaga. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili ni mafupi mno, na kwamba jambo hili lastahili kufikiriwa pamoja.

Zamani swali hili halikuwa na nafasi kubwa. Aliyezaliwa Masasi au Magila alikuwa mwana wa U.M.C.A., kanisa la uvumba na kengele, kwa sababu wamisionari waliofika huko walikuwa wa namna hiyo. Aliyezaliwa Mpwapwa au Mvumi alikuwa mwana wa C.M.S., kanisa la ibada nyepesi na mahubiri marefu. Wote ni Waanglikana, na wote hawakuchagua. Lakini leo mtu akihamia Dar es Salaam au Nairobi, aweza kupita milango ya makanisa mengi Jumapili moja kabla hajaufikia ule aliouzoea. Na akienda masomoni Uingereza au Marekani, atakuta makanisa yanayojitangaza waziwazi: hili ni la wapenda mapokeo, lile ni la wapenda maendeleo.

Hao wanaojiita Wakristo wa maendeleo husisitiza mambo kadhaa. Huisoma Biblia wakizingatia historia na elimu ya sayansi. Huwapa wanawake nafasi sawa na wanaume, hata madhabahuni. Huona kuwa kupigania haki za maskini, za wageni na za watu wa kila rangi ni sehemu ya ibada yenyewe. Tena wengi wao siku hizi huwapokea bila sharti watu wa jinsia moja wanaoishi kama mume na mke. Jambo hili la mwisho limeutikisa Ushirika wa Anglikana tangu mwaka 2003, alipowekwa wakfu huko New Hampshire, Marekani, askofu aliyekuwa akiishi waziwazi na mwanamume mwenzake. Majimbo mengi ya Afrika, pamoja na letu la Tanzania, yalipinga. Na mwaka 2008 ukafanyika mkutano wa Yerusalemu uliozaa umoja uitwao GAFCON.

Hatukusudii kulitatua jambo hilo katika kurasa hizi chache. Twataka kurudi nyuma hatua moja, tuulize swali lililotangulia: mtu akitafuta kanisa, liwe la mapokeo au la maendeleo, atajuaje kama amepata kanisa kweli, wala si kioo cha kujitazamia uso wake?

Anayetafuta asilaumiwe upesi

Kwanza tumtendee haki yule anayetafuta. Mara nyingi hutupiwa methali ile ya kwamba mchagua nazi hupata koroma, kana kwamba kila anayeondoka ameondoka kwa sababu ya ulimbwende. Historia yatuonyesha kwamba sivyo.

Mwishoni mwa karne ya 18, katika mji wa Philadelphia, Marekani, palikuwa na kanisa la Wamethodisti lililoitwa St. George's. Watu weusi walisali humo pamoja na weupe, na hesabu yao ilikuwa ikiongezeka. Kisha wakaanza kutengwa, wakaambiwa wakae mahali pao peke yao. Siku moja, wakati wa sala, wasimamizi wa kanisa walimwendea mtu mmoja mweusi jina lake Absalom Jones, aliyekuwa amepiga magoti, wakamshika ili wamwondoe pale. Yeye aliwaomba wangoje mpaka sala imalizike. Hawakungoja. Sala ilipokwisha, Jones na mwenzake Richard Allen na watu weusi wengine wakatoka wote pamoja.

Jones na Allen walikuwa wamezaliwa utumwani, kisha wakapata uhuru wao. Mwaka 1794 kila mmoja na watu wake walikuwa na nyumba yao ya sala. Watu wa Allen ndio mwanzo wa kanisa la A.M.E., lililoundwa rasmi mwaka 1816 na ambalo baadaye lilifika hata Afrika. Watu wa Jones walijiunga na Kanisa la Anglikana la Marekani, na Jones akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa ukasisi katika kanisa hilo. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba watu hao walikuwa wakichagua nazi? Nyimbo hazikuwachosha, wala mahubiri hayakuwa marefu mno kwao. Walizuiwa kupiga magoti mbele za Baba yao, katika nyumba ya Baba yao.

Lakini tuangalie pia yaliyompata Jones baadaye. Hata huko alikokwenda hakukuta kanisa kamilifu. Watu wake walikubaliwa kuwa Waanglikana, lakini walinyimwa viti katika sinodi ya dayosisi, na hawakuvipata mpaka zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake. Jones aliliacha kanisa lililomkataza kusali, akaingia katika kanisa lililokuwa bado na mengi ya kujifunza, akakaa humo akatumika mpaka alipofariki mwaka 1818.

Hatari ya kanisa lenye sura yetu

Sasa tuugeukie upande wa pili. Afrika Kusini kulikuwa na Wakristo weupe wa kanisa la Kiholanzi ambao hawakupenda kushiriki meza moja na Waafrika waliobatizwa. Nao pia walitaka kanisa linalowafaa. Mwaka 1857 sinodi yao ilikiri kwamba kwa mujibu wa Maandiko yafaa waamini wote wakusanyike pamoja. Walakini, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu, iliruhusu wengine wafanye ibada zao mahali pa peke yao. Hawakusema kwamba kutengana ni kwema. Walisema tu kwamba wako ndugu wasioweza kuvumilia, basi wasilazimishwe.

Ruhusa ile ndogo ikakua. Mwaka 1881 waamini wa rangi ya chotara waliundiwa kanisa lao mbali. Serikali ilipoanza siasa ya ubaguzi mwaka 1948, ilikuta kanisa ambalo lilikuwa limekwisha kuzoea kutengana, na walikuwako wanatheolojia waliokuwa tayari kuitetea kwa Biblia. Ikawa ni kanisa lile lile lililotengwa, mwaka 1982, lililoandika ungamo la Belhar, likatamka kwamba mafundisho yanayowatenga waamini kwa rangi ni kinyume cha Injili.

Msomaji aweza kutujibu: "Lakini hao walikuwa wabaguzi. Mimi natafuta kanisa linalopenda haki." Ni kweli, wala hatusemi kwamba mambo yote wayathaminiyo watu ni sawasawa. Kuithamini haki si sawa na kuithamini rangi. Ila twasema kwamba ugonjwa wa kioo huweza kumpata hata mwenye nia njema. Waweza kuwa na kanisa ambamo wote wamesoma, wote husoma magazeti yale yale, wote hukubaliana juu ya haki ya maskini, wala hakuna maskini hata mmoja katika mabenchi yao. Kadhalika waweza kuwa na kanisa ambamo wote husimama imara juu ya usafi wa imani, wala hakuna anayeuliza kama binti anayewapikia na kuwafulia nyumbani amelipwa mshahara wake. Makanisa haya mawili hulaumiana sana, lakini yamefanana kwa jambo moja: hakuna aliyemo ambaye husikia jambo asilotaka kulisikia.

Askofu asiyeingia katika sanduku

Katika pwani yetu tulikuwa na mtu mmoja anayetufundisha kuyahofu majina haya ya mapokeo na maendeleo. Huyo ni Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924.

Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakitafuta njia ya umoja, na mwisho wakashiriki pamoja Chakula cha Bwana, Askofu wa Mombasa akiongoza. Weston alikasirika. Aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akiona wameiacha imani ya Kanisa. Kwa kipimo cha leo twasema huyu alikuwa mtu wa mapokeo, tena mkali.

Lakini ni Weston huyo huyo ambaye mwaka 1920 alitoa kijitabu cha kuishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi kwa faida ya wengine. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa huko London, aliwaambia wapenda uvumba na madhabahu nzuri kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika Sakramenti huku wakimdharau katika mwili wa maskini anayeishi katika vibanda. Hapa twasema huyu ni mtu wa maendeleo, tena mkali vile vile.

Kwake yeye hayakuwa mambo mawili. Kwa kuwa aliamini kwamba Bwana yumo kweli katika mkate, aliamini pia kwamba yumo kweli katika mtu anayedhulumiwa. Mapadri wengine wa nia hiyo walimfuata. Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hadi 1968, alikuwa mtawa mwenye kushika sana mapokeo. Naye ndiye aliyekuwa amesimama na watu wa Sophiatown, Johannesburg, dhidi ya ubaguzi.

Basi fikirini, ndugu zetu. Mtu anayetafuta kanisa kwa kusoma kibao cha mlangoni angempata nusu tu ya Weston. Mpenda maendeleo angeondoka mwaka 1913, asiyasikie maneno ya mwaka 1923. Mpenda mapokeo angeshangilia mwaka 1913, akaziba masikio mwaka 1920. Kila mmoja angekwenda zake akiwa na nusu aliyokuja nayo.

Njia ya Antiokia

Yako mambo matatu awezayo kufanya mtu anapoona kosa katika kanisa lake: kunyamaza, kuondoka, au kukaa na kusema. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau.

Katika barua kwa Wagalatia, sura ya pili, Mtakatifu Paulo anasimulia yaliyotokea Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa. Kisha walipofika watu fulani kutoka Yerusalemu, akaogopa, akajitenga na meza ile. Paulo hakunyamaza kwa sababu Petro ni mkubwa. Wala hakuwakusanya watu wa mataifa aanzishe kanisa lao mtaa wa pili. Alimkabili Petro uso kwa uso mbele ya watu wote.

Mambo mengi tuliyo nayo leo tuliyapata kwa njia hiyo. Mwaka 1944, wakati wa vita, Askofu wa Hong Kong alimpa ukasisi mwanamke mmoja, Florence Li Tim-Oi, kwa kuwa Wakristo wa Macau aliokuwa akiwahudumia hawakuwa na kasisi wa kuwapa Ekaristi. Vita vilipokwisha yakatokea malalamiko makubwa, naye mwaka 1946 akakubali kuacha kuutumia ukasisi wake, ili askofu wake asipate taabu. Hakuukana ukasisi, wala hakulikana Kanisa. Hong Kong iliwaweka makasisi wanawake kwa idhini ya sinodi mwaka 1971. Kenya, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpa ukasisi Lucia Okuthe mwaka 1983. Na mwaka 2021 nchi hiyo ilipata wanawake wawili maaskofu, Emily Onyango huko Bondo kama askofu msaidizi, na Rose Okeno huko Butere. Kwetu Tanzania dayosisi hazijawa na nia moja katika jambo hili, nasi twazidi kusali na kujadiliana.

Kama wote waliotamani badiliko hilo wangalikwenda kutafuta kanisa ambalo limekwisha kubadilika, ni nani angalibaki kuuliza? Walakini hapa lazima tuseme neno la tahadhari. Ni rahisi sana kumwambia mwenzako avumilie wakati mzigo uko kichwani pake. Anayefaidika na hali ilivyo hana haki ya kumhubiria subira yule anayeumizwa nayo. Neno la kuvumilia huwa na uzito likitoka kwa mtu aliye chini ya mzigo, au kwa aliyekwenda kumsaidia kuubeba.

Basi ni lini mtu aondoke?

Twaona kwamba ziko nyakati ambapo kuondoka si ruhusa tu, bali ni wajibu. Ukiamriwa kutenda uovu, ondoka. Ukiambiwa uuite uovu kuwa ni wema, ondoka. Mtoto akidhuriwa na wakubwa wakaficha, mtoe mtoto kwanza, kisha ukaseme mahali penye sheria. Na yule ambaye kwa kuwa tu ni vile alivyo hufukuzwa penye sala, kama alivyofanyiwa Jones, haondoki kanisani. Ni kanisa lililomwondokea.

Kwa sisi wengine ambao hatujafukuzwa wala kuumizwa, kipo kipimo kimoja kinachoweza kutusaidia. Tujiulize: kuondoka huku kutanigharimu, au kutaniondolea gharama? Beyers Naudé alikuwa mchungaji mwenye heshima kubwa katika kanisa la Waholanzi tuliokwisha kulitaja. Mwaka 1963 ilimbidi achague: ama aushike uchungaji wake, ama aongoze chama cha Wakristo wa rangi zote kilichopinga ubaguzi. Akakiacha cheo. Aliwapoteza rafiki zake wengi, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1984 serikali ilimfungia asikutane na watu kwa uhuru wala asiseme hadharani. Huyu hakuondoka ili apate raha. Lakini kipimo hiki tusikitumie kwa waliojeruhiwa. Huyo akitafuta mahali pa kupumzika asiulizwe habari ya gharama, maana amekwisha kulipa.

Tumwulize nini mwenye nyumba?

Kwa yule ambaye amehama, au amefika mji mgeni na hana budi kuchagua, twampa mashauri haya. Usiulize kwanza, "Je, wanakubaliana nami?" Tazama ni akina nani waliokaa katika mabenchi, na ni akina nani ambao hawamo. Tazama kama yumo kiwete, mjane, mfanyakazi wa nyumbani, mwanafunzi mwenye mashaka. Na kama wamekaa mbele au nyuma, kama Mtakatifu Yakobo alivyotuonya katika sura ya pili ya waraka wake. Uliza swali gumu, uone kama utajibiwa au utaaibishwa. Chunguza fedha za sadaka huenda wapi, na kama hesabu yake husomwa mbele ya watu. Kisha kaa miezi kadhaa, ujiulize: je, nimeambiwa hapa jambo lolote lililonichoma na kunigeuza? Kama hujaambiwa, huenda umepata mahali panapokupendeza, lakini bado hujapata mahali panapokufaa. Daktari anayemsifu kila mgonjwa kuwa ni mzima hapendi wagonjwa wake.

Mashauri haya ni ya anayetafuta. Lakini sisi tulio ndani, tuliokaa benchi lile lile miaka mingi, tuna sehemu yetu. Mgeni akifika kwetu na maswali hayo, atakuta nini? Binti aliyesoma akiuliza kwa nini mambo fulani yako hivi, tutamjibu, au tutamwambia kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu? Kijana aliyeacha kuja, tulimfuata kumwuliza sababu, au tulimsema kwenye mkutano wa Halmashauri kwamba amepoteza imani? Huenda hakupoteza imani. Huenda alikuwa na neno la kutuambia, akakosa mahali pa kulisemea.

Twaomba basi kwamba mwezi huu kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyekuwa akisali nasi na sasa hasali nasi tena. Tuende nyumbani kwake. Tusiende kumkemea, wala kumvuta kwa mkono. Tumwulize kwa unyenyekevu yaliyomwondoa, tumsikilize mpaka mwisho, na kama kosa ni letu tulilete mbele ya Halmashauri ya Parishi ili lirekebishwe. Kama amepata kanisa lingine ambamo Bwana anamlea, tumshukuru Mungu pamoja naye. Na kama hana mahali, ajue kwamba nafasi yake ipo, pamoja na maswali yake.

Mungu, aliyetukusanya katika nyumba moja sisi tusiofanana, atujalie neema ya kusahihishana bila kutengana. Amina.